Uwiano wa Pembetatu na Utata wa Neno "Kuzidisha": Maelezo kwa Walimu wa Shule za Sekondari

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja dogo la jiometri, nalo ni uwiano wa pande za pembetatu, pamoja na matatizo ya lugha yanayojitokeza jambo hilo linapofundishwa. Huenda msomaji akajiuliza mwalimu wa Kiswahili ana lipi la kusema katika somo la hisabati. Jawabu letu ni kwamba somo lo lote hufikishwa kwa lugha, na kwamba mwanafunzi hawezi kukokotoa asichokielewa.

Chanzo cha makala haya ni darasa dogo la jioni katika kijiji cha Laini Saba, Kibera, mjini Nairobi. Mwandishi alialikwa huko na mwalimu kijana wa hisabati aliyekuwa akiwasaidia wanafunzi kumi na mmoja wa Kidato cha Pili. Mwalimu alichora ubaoni pembetatu yenye pande za sentimita 3, 4 na 5, akawaambia wanafunzi wachore nyingine kubwa zaidi inayofanana nayo. Maelezo aliyatoa kwanza kwa Kiingereza. Alipoona nyuso zimekunjamana akasema kwa Kiswahili: "Zidisheni kila upande kwa mbili." Wanafunzi saba waliandika 6, 8 na 10. Wanne waliandika 5, 6 na 7.

Mwalimu alimtaka mmoja wa wale wanne, msichana aliyeketi karibu na mlango, aeleze kazi yake. Alisimama akasema: "Mwalimu, umesema tuzidishe kwa mbili, nami nimezidisha kwa mbili. Tatu ikizidi kwa mbili inakuwa tano." Wenzake walicheka. Mwandishi hakuweza kucheka, kwa sababu msichana yule alikuwa amesema Kiswahili fasaha. Kama kulikuwa na kosa, sehemu yake moja ilikuwa katika agizo alilopewa. Tangu siku ile tumeona kwamba jambo hili linastahili kuchunguzwa.

2.0 Hali ya lugha darasani

Nchini Kenya lugha ya kufundishia katika shule za sekondari ni Kiingereza. Tangu kuanzishwa kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, lakini hisabati iliendelea kufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Nchini Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi baada ya mwaka 1967. Ndiyo maana istilahi nyingi za hisabati tulizo nazo, kama vile pembetatu, kitako, kimo, sambamba na uwiano, zilipata nguvu kutokana na vitabu vya huko.

Hayo ni ya sera. Darasani mambo ni mengine. Katika mtaa kama Kibera, ambao jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na ambao leo una watu wa makabila mengi, Kiswahili ndicho kiunganishi cha jirani na jirani. Mwalimu huanza kwa Kiingereza, huona hakueleweka, naye huhamia Kiswahili kwa sentensi mbili tatu, kisha hurudi. Sentensi hizo mbili tatu ndizo hubeba uzito wa somo zima. Bahati mbaya ndizo ambazo hakuna ye yote aliyemwandaa mwalimu kuzisema. Katika chuo cha ualimu alifundishwa hisabati kwa Kiingereza. Kiswahili chake cha hisabati amekiokota njiani.

3.0 Maneno yenye utata

3.1 Kuzidisha

Neno hili lina maana mbili zinazoishi pamoja. Katika hisabati, kuzidisha ni kurudia kiasi mara kadhaa: tatu kuzidishwa kwa mbili ni sita. Katika mazungumzo ya kila siku, kuzidisha ni kufanya kitu kiwe kingi kuliko kilivyokuwa au kuliko inavyotakiwa. Mpishi huzidisha chumvi, na mwenye nyumba huzidisha kodi. Kodi ya shilingi 2,000 ikizidishwa kwa 500, mpangaji atalipa shilingi 2,500, wala hakuna atakayedhani kwamba anadaiwa milioni moja. Kwa hiyo mwanafunzi anayejumlisha anapoambiwa azidishe anafuata maana ambayo maisha yamemfundisha.

3.2 Kwa

Kiunganishi hiki kina kazi nyingi mno. Tunasema "imepanda kwa shilingi kumi", na maana yake ni kujumlisha. Tunasema "gawanya kwa kumi", na maana yake ni kugawanya. Mkazi wa Laini Saba husema kwamba chumba chake ni futi kumi kwa kumi, na hapo "kwa" imekuwa alama ya kuzidisha yenyewe, kwani eneo la chumba hicho ni futi za mraba 100. Kiingereza nacho hutumia kihusishi kimoja kwa kazi zote hizo, hivyo tusidhani kwamba huu ni upungufu wa Kiswahili peke yake.

3.3 Mara

Hili ndilo neno linaloweza kutuokoa. "Mara mbili" haina njia ya kueleweka kuwa ni kujumlisha mbili. Lau mwalimu yule angesema, "Fanyeni kila upande uwe mara mbili ya ulivyokuwa," pengine wote kumi na mmoja wangeandika 6, 8 na 10. Hata hivyo yafaa kujihadhari na usemi "mara mbili zaidi", ambao wengine huuelewa kuwa ni mara mbili na wengine mara tatu. Neno "zaidi" liachwe.

3.4 Kufanana

Katika maisha ya kawaida watu wawili hufanana wakiwa na pua moja au mwendo mmoja. Mfanano huo una daraja: waweza kuwa mkubwa au mdogo. Katika jiometri mfanano hauna daraja. Pembetatu mbili ama zinafanana ama hazifanani, na sharti lake ni kwamba pembe za moja ziwe sawa na pembe za nyingine, zikifuatana. Hilo likitimia, pande zao huwa katika uwiano mmoja. Pembetatu ya 5, 6 na 7 "inafanana" na ile ya 3, 4 na 5 machoni pa mtu asiyeangalia kwa makini. Kijiometri hazifanani hata kidogo.

3.5 Kadiri

Walimu wengi hueleza uwiano kwa kusema, "Kadiri hiki kikuavyo, ndivyo na kile kikuavyo." Maelezo haya hayatoshi. Kadiri mtoto akuavyo ndivyo kimo chake kiongezekavyo, lakini mtoto wa miaka kumi hana kimo mara mbili ya mtoto wa miaka mitano. "Kadiri" hutuambia kwamba vitu viwili vinakwenda pamoja. Haituambii kwamba vinakwenda kwa hatua za mara zile zile.

3.6 Uwiano

Neno hili, kwa bahati njema, limebeba maana yake ndani yake. Kitenzi "kuwa", kikitiwa katika kauli ya kutendea, huwa "kuwia", kama tusemavyo "niwie radhi". Kikiendelezwa katika kauli ya kutendeana huwa "kuwiana", yaani kila kimoja kuwa kitu fulani kwa mwenziwe. Uwiano basi ni jinsi kitu kilivyo kwa kingine. Upande wa 3 una hali yake mbele ya upande wa 4, na hali hiyo ndiyo inayotakiwa kubaki pembetatu inapokuzwa. Mwalimu akitumia dakika mbili kulifungua neno hili mbele ya wanafunzi, hatakuwa amepoteza wakati.

4.0 Njia za kufundishia

Tukikwisha kuyajua maneno, twaweza kuuliza vipi mwanafunzi ataoneshwa kwamba kujumlisha hakufai. Kumwambia tu kwamba amekosea hakusaidii. Yafaa aone kosa likijitokeza lenyewe.

4.1 Chai ya maziwa

Mwanafunzi ye yote anajua uwiano jikoni kabla ya kuujua daftarini. Tuseme chai imepikwa kwa vikombe vitatu vya maji na kimoja cha maziwa. Wageni wakaja. Tukijumlisha vikombe viwili kila upande, tutapata maji vitano na maziwa vitatu, na chai itakuwa nyeupe kuliko ile ya kwanza. Tukifanya kila kimoja mara mbili, tutapata maji sita na maziwa viwili, na ladha itabaki ile ile. Mtoto wa darasa la tatu atakubali jambo hili bila ubishi. Pembetatu ina "ladha" yake pia, nayo ni pembe zake. Ukijumlisha kiasi kile kile kwenye pande zisizo sawa, pembe hubadilika.

Wanafunzi waliokwisha kufundishwa kanuni ya Pythagoras waweza kuhakikisha. Pembetatu ya 3, 4 na 5 ina pembe mraba, kwa kuwa 9 na 16 ni 25. Ya 6, 8 na 10 inayo pia, kwa kuwa 36 na 64 ni 100. Lakini ya 5, 6 na 7 haina, kwa kuwa 25 na 36 ni 61, ilhali 7 mara 7 ni 49. Pembe mraba imepotea.

4.2 Daftari na laini saba

Zoezi hili halihitaji kifaa cho chote ila daftari lenye mistari, penseli na rula. Mwanafunzi achague mistari saba inayofuatana. Kwenye mstari wa kwanza aweke nukta moja. Kwenye mstari wa saba achore kitako cha sentimita 12, mahali po pote apendapo. Kisha aunganishe nukta ile na ncha mbili za kitako. Amepata pembetatu iliyokatwa na mistari sambamba yenye nafasi sawa.

Sasa apime. Kwenye mstari wa pili, kipande kilichomo ndani ya pembetatu kitakuwa sentimita 2. Wa tatu, 4. Wa nne, 6. Wa tano, 8. Wa sita, 10. Na wa saba, 12. Apime na pande mbili za kushoto na kulia. Ataona kwamba kila upande umekatwa vipande sita vilivyo sawa, ingawa kipande cha upande mmoja chaweza kuwa kirefu kuliko cha upande wa pili.

Kuna mambo mawili ya kutazamia. Kwanza, wapo watakaosema kwamba mstari wa nne uko kwenye nne ya saba ya safari. Waambiwe wahesabu nafasi, si mistari: mistari ni saba, nafasi ni sita, na mstari wa nne uko mwisho wa nafasi ya tatu, yaani katikati. Pili, wengi watasema kwamba mstari huo wa katikati umeikata pembetatu katika maeneo mawili sawa. Sivyo. Kitako cha pembetatu ndogo ni nusu na kimo chake ni nusu, kwa hiyo eneo lake ni robo tu, na robo tatu zimebaki chini. Nusu ya urefu si nusu ya eneo.

Wanafunzi wa Laini Saba walilipenda zoezi hili kwa sababu ya jina la mtaa wao. Hatuoni ubaya wo wote katika furaha hiyo. Mtoto akikuta jina la kwao ndani ya somo, somo huacha kuwa mgeni.

4.3 Kivuli

Inasimuliwa tangu kale kwamba Thales wa Mileto, aliyeishi katika karne ya sita kabla ya Kristo, alipima kimo cha piramidi huko Misri kwa kutumia kivuli chake. Mwanafunzi wa Kibera aweza kufanya vivyo hivyo kwa nguzo ya umeme. Miale ya jua hutufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo kila kitu kilichosimama wima na kivuli chake hufanya pembetatu inayofanana na ya kitu kingine, mradi vipimwe wakati mmoja.

Fimbo ya sentimita 100 isimamishwe wima, na tuseme kivuli chake ni sentimita 80. Kabla ya kuiendea nguzo, pimeni kitu ambacho kimo chake mwaweza kukihakikisha kwa futi kamba, kama vile mlango. Tuseme kivuli cha mlango ni sentimita 160. Anayejumlisha atasema: fimbo imezidi kivuli chake kwa 20, basi mlango ni 180. Anayetumia uwiano atasema: kivuli hiki ni mara mbili ya kile, basi mlango ni 200. Futi kamba itatoa hukumu, na mwalimu hana haja ya kusema neno. Baada ya hapo, nguzo yenye kivuli cha mita 6.4 itajulikana kuwa na kimo cha mita 8, kwa kuwa 6.4 ni mara nane ya 0.8.

Tahadhari mbili zinahitajika. Ardhi ya Kibera huteremka kuelekea Mto Ngong na Bwawa la Nairobi, na kivuli kinachoanguka kwenye mteremko hudanganya. Tafuteni mahali tambarare. Tena, Nairobi iko karibu mno na ikweta. Katika miezi ya Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, na vivuli huwa vifupi hata visipimike. Saa tatu za asubuhi au saa tisa za alasiri zinafaa zaidi.

Wanafunzi wasidhani kwamba elimu hii ni ya Wayunani peke yao. Manahodha wa Bahari ya Hindi walitumia kamal, yaani ubao mdogo wenye uzi uliofungwa mafundo. Nahodha aliushika uzi kwa meno, akausogeza ubao mpaka ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota. Fundo lilimwonyesha kimo cha nyota angani. Kimo cha ubao kwa urefu wa uzi ni uwiano ule ule tunaoufundisha.

5.0 Uthibitisho

Kupima hakutoshi, kwa kuwa rula haiwezi kupima pembetatu zote. Uthibitisho ufuatao umo katika kitabu cha sita cha Euclid, aliyefundisha Iskanderia, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo.

Tuchukue pembetatu ABC. D iko juu ya upande AB na E juu ya upande AC, na mstari DE ni sambamba na BC. Unganisha B na E, kisha C na D.

Pembetatu ADE na BDE zina vitako AD na DB katika mstari mmoja, na kimo chao kutoka E ni kimoja. Kwa hiyo maeneo yao yana uwiano wa AD kwa DB. Vivyo hivyo, pembetatu ADE na CDE zina maeneo yenye uwiano wa AE kwa EC. Lakini BDE na CDE zina kitako kimoja, DE, na ncha zao B na C ziko kwenye mstari sambamba na kitako hicho. Vimo vyao ni sawa, na maeneo yao ni sawa. Basi AD kwa DB ni sawa na AE kwa EC, na ndivyo ilivyotakiwa.

Hapa pana kosa linalorudiwa kila mwaka. Mwanafunzi huandika kwamba DE kwa BC ni kama AD kwa DB. Tuseme AD ni 3, DB ni 2 na DE ni 6. Kwa kanuni yake BC itakuwa 4, yaani fupi kuliko DE, na mchoro wenyewe unamkanusha. Pembetatu mbili zinazofanana ni ADE na ABC, na upande unaowiana na AD ni AB nzima, ambayo ni 5. Kwa hiyo BC ni 10. Mwanafunzi afundishwe kujiuliza kila mara: ni pembetatu ipi na ipi ninazozilinganisha?

6.0 Mipaka ya hoja yetu

Isidhaniwe kwamba tunadai lugha ndiyo chanzo cha kila kosa. Wanafunzi wa nchi nyingine, wanaojifunza kwa lugha zao za mama, nao hujumlisha mahali pa kuzidisha. Akili ya mtoto huanza na kujumlisha, na haba na haba hujaza kibaba. Tunalodai ni dogo zaidi: pale ambapo akili imekwisha kuelemea upande mmoja, neno lenye maana mbili huisukuma ianguke. Mwalimu asiyejua hivyo atamhesabu mwanafunzi kuwa mzito, kumbe kilichokuwa kizito ni agizo.

Wala hatusemi kwamba Kiswahili hakifai kwa hisabati. Maneno tunayohitaji tunayo. Kilichopungua ni mazoea ya kuyatumia kwa uangalifu.

7.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, mwalimu wa hisabati atumie "fanya iwe mara mbili" anapofundisha uwiano, naye aeleze wazi maana mbili za "kuzidisha" siku ya kwanza ya mada. Pili, walimu wa Kiswahili na wa hisabati katika shule moja wakae pamoja angalau mara moja kila muhula, wapitie maneno ya mada zijazo. Tatu, vyuo vya ualimu viwaandae walimu kwa ajili ya zile sentensi mbili tatu za Kiswahili ambazo kila mtu anajua kwamba zitasemwa.

Jioni ile mwalimu kijana aliwaomba wanafunzi wale wanne wakate pembetatu zao kwa makasi na kuziweka juu ya ile ya 3, 4 na 5, pembe kwa pembe. Msichana yule aliigeuza yake mara kadhaa, akaona kwamba hakuna pembe inayolingana, akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Kumbe ulitaka mara, Mwalimu. Ungesema mara." Hatuna la kuongeza juu ya maneno hayo.